Giaboksi ya gia tano kwenye Chevelle ya 1969: kazi ya siku mbili iliyochukua wiki tatu

Gari na sababu ya kulifungua

Gari ni Chevrolet Chevelle ya 1969, lililoko Marekani. Injini ni V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na nyuma yake ilikaa giaboksi ya Muncie M20 ya gia nne. Giaboksi za Muncie zilitengenezwa na General Motors katika mji wa Muncie, jimbo la Indiana, kuanzia 1963 hadi 1974. Ni imara na mwenye gari hakuwa na ugomvi nayo. Tatizo lake ni moja: gia ya nne ni moja kwa moja. Injini ikizunguka mara moja, propela shafti nayo inazunguka mara moja, na baada ya hapo hakuna gia nyingine.

Difu ya gari hili ni ya 3.73 na tairi za nyuma zina kipenyo cha inchi 26. Hesabu ya mizunguko ya injini ni hii: mwendo kwa maili, mara uwiano wa difu, mara uwiano wa gia, mara 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Kwa maili 70 kwa saa (km 113) katika gia ya nne, jibu ni mizunguko 3,374 kwa dakika. Dereva anayesafiri kwa muda wa saa nne kwenye barabara kuu anaisikia injini ikilia muda wote, na tangi linaisha kabla hajafika.

Njia rahisi ni kuweka difu nyepesi, tuseme 2.73. Lakini hapo gari linapoteza mrusho wake wa kuondoka, na mrusho huo ndio uliowafanya watu wayapende magari haya ya misuli. Ovadraivu inampa mwenye gari vyote viwili: difu inabaki nzito, kisha inaongezwa gia ya tano yenye uwiano ulio chini ya 1.

Uchaguzi wa giaboksi

Iliyochaguliwa ni Tremec TKX, iliyochukua nafasi ya TKO ya kampuni hiyohiyo. Umbo lake la juu ni jembamba kuliko la TKO, kwa hiyo inaingia kwenye magari mengi ya zamani bila kukata sakafu, au kwa kukata kidogo. Inahimili torki ya futi-pauni 600, zaidi ya injini hii itakavyotoa.

TKX inauzwa kwa seti tatu za uwiano, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuangalia gia ya tano peke yake. Gia ya kwanza inaweza kuwa 3.27 au 2.87. M20 ya zamani ilikuwa na 2.52. Zidisha kwa difu: 2.52 mara 3.73 ni 9.4, 2.87 ni 10.7, na 3.27 ni 12.2. Kwa injini yenye nguvu nyingi chini, 12.2 ni gia ya trekta. Gari halijavuka njia panda na tayari unatafuta gia ya pili. Seti ya 3.27 ikaondolewa.

Zikabaki seti mbili za 2.87, moja yenye gia ya tano ya 0.81 na nyingine ya 0.68. Kwa maili 70 ya kwanza inaleta mizunguko 2,733, ya pili 2,294. Kemu ya injini hii (shafti inayofungua na kufunga vali) ni laini, ya kawaida, kwa hiyo 0.68 ilifaa. Kemu kali ingebadilisha jibu. Kwa maili 55, gia ya 0.68 inashusha injini hadi mizunguko 1,800, na injini ya kemu kali hapo hukohoa na kutikisika. Mwenye gari kama hilo achukue 0.81 bila kusita.

Vipuri visivyolingana ingawa vinafanana

Kipenyo cha shafti ya kuingilia ni inchi 1⅛ kwa Muncie ya 1969 na kwa TKX pia. Lakini Muncie hiyo ina splaini 10 (mifuo inayoshikana na klachi pleti), TKX ina 26. Klachi pleti mpya iliyonunuliwa awali ilikuwa ya splaini 10, kwa sababu muuzaji aliulizwa "pleti ya Chevelle 69" na akajibu sawasawa na swali. Ilijaribiwa juu ya meza kwa kuivalisha kwenye shafti na ikagoma. Jaribio la nusu dakika liliokoa siku nzima ya kazi.

Yoki ya mbele ya propela shafti, kipande kinachoingia kwenye mkia wa giaboksi, pia ni tofauti. Ya Muncie hiyo ina splaini 27, TKX inataka 31. Propela shafti yenyewe ilikatwa upya. Kipimo kilichukuliwa gari likiwa limekalia tairi zake za nyuma, si likining'inia kwenye jeki, na yoki iliachiwa nafasi ya mm 20 hivi kabla ya kugota ndani. Ukipima ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka shafti inaweza kuisukuma giaboksi na kuua beringi ya nyuma.

Beringi ya rilizi, inayosukuma vidole vya klachi ukikanyaga pedeli, nayo ina mtego kwa injini hizi za Chevrolet. Kuna fupi ya inchi 1¼ na ndefu ya inchi 1⅞. Presha pleti (inayoibana klachi pleti) ya vidole vilivyopinda kuelekea nje inatumia fupi. Ya vidole bapa inatumia ndefu. Ukiweka ndefu kwenye vidole vilivyopinda, pedeli haina uhuru wowote, klachi haibani kikamilifu, na inaungua ndani ya siku chache huku fundi akilaumu pleti. Hapa ilitumika fupi, ipasavyo. Fito za klachi za asili, zinazounganisha pedeli na klachi, zikaachwa zilivyokuwa, kwa sababu zilikuwa nzima na zinasukuma vizuri.

Mfungo wa kwanza

Giaboksi ya zamani ilitoka asubuhi ya siku ya kwanza. Flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ilisawazishwa upya kwenye mashine, bushi ya pailoti ya shaba (inayoshika ncha ya shafti ya kuingilia upande wa injini) ikabadilishwa, klachi ikafungwa. Mpaka hapo kazi ilikuwa safi. Kisha yakafanyika mambo matatu, kila moja likiwa na sababu iliyoonekana ya maana wakati ule.

La kwanza: nyumba ya klachi, kava linalounganisha injini na giaboksi, haikupimwa. Fundi alijua kwamba Tremec wanataka ipimwe, lakini M20 ilikuwa imeishi nyuma ya nyumba hiyohiyo bila malalamiko, na kuipima kungehitaji kuivua klachi aliyokwisha kuifunga. Akaendelea.

La pili: giaboksi ilipoinuliwa, ilikwama ikiwa imebakiza mm 8 hivi kugusana na nyumba ya klachi. Badala ya kuishusha na kuiweka upya, bolti nne zikaingizwa na kukazwa kwa zamu hadi ikavutika.

La tatu: bega la juu la giaboksi liligusa mgongo wa sakafu. Kwa mwili huu wa Chevelle si kawaida, lakini sakafu hii ilikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa miaka ya nyuma juu ya kutu, na ukingo wake wa chini ulikuwa umeshuka. Fundi hakutaka kugusa sakafu. Akalishusha daraja linaloibeba giaboksi kwa vipande vya chuma vya mm 13, mkia ukashuka, mgusano ukaisha.

Oili ilijazwa ya aina ya Dexron III hadi ikafika kwenye tundu la kujazia. Swichi ya taa za nyuma ikaunganishwa. Siku ya pili jioni gari likatoka.

Dalili

Ndani ya km 150 za mwanzo yalijitokeza mambo mawili tofauti, ingawa mwenye gari aliyaeleza kama jambo moja: "giaboksi mpya mbovu."

Moja, gia zilikuwa ngumu injini ikienda kasi. Kwa mwendo wa pole zote ziliingia. Injini ikifika mizunguko 5,000, gia ya tatu iligoma au ikaingia kwa mkwaruzo. Gari likiwa limesimama kwenye fri, mguu nje ya klachi, kulikuwa na mngurumo mwembamba. Ukikanyaga klachi unanyamaza.

Mbili, kuanzia maili 60 kwa saa mwili wa gari ulitetemeka, tetemeko dogo la haraka linalosikika kwenye kiti zaidi kuliko kwenye usukani.

Kabla ya kufungua chochote, fundi alifanya jaribio ambalo kila mwenye ovadraivu anapaswa kulijua. Alishika maili 65 katika gia ya tano, kisha akarudi ya nne kwa mwendo uleule. Injini ilipanda kwa zaidi ya mizunguko 1,000, lakini tetemeko halikubadilika hata kidogo. Akakanyaga klachi na kuacha injini ishuke: tetemeko likabaki. Maana yake chanzo kiko nyuma ya giaboksi. Ovadraivu inapunguza mzunguko wa injini, haipunguzi wa propela shafti. Kwa maili 70 shafti ya gari hili inazunguka mara 3,374 kwa dakika hata kama injini iko kwenye 2,294. Wanaodhani gia ya tano imeituliza na shafti wanajidanganya.

Kupima nyumba ya klachi

Giaboksi ilishushwa. Bushi ya pailoti, iliyokuwa mpya siku chache kabla, ilikuwa imelika upande mmoja na ndani yake mna mikwaruzo mirefu. Mikwaruzo ni kazi ya zile bolti. Kulika upande mmoja ni kazi ya kitu kingine.

Klachi ikavuliwa. Nyuma ya injini na uso wa nyumba ya klachi vikasuguliwa hadi chuma cheupe, kwa sababu tone la rangi au uvimbe wa mkwaruzo unaweza kuharibu kipimo chote. Nyumba ikafungwa kwa torki yake, plagi zikatolewa ili injini izunguke kwa mkono. Geji ya saa yenye kitako cha sumaku ikabandikwa kwenye flaiwili, ncha yake ikagusa ndani ya tundu kubwa la nyumba ya klachi, lile la inchi 4.686 linalopokea giaboksi.

Krenki shafti, mhimili mkuu wa injini, ikazungushwa polepole. Geji ikawekwa sifuri ncha ikiwa chini. Usomaji kwa elfu za inchi (elfu moja hapa ni inchi 0.001) ulikuwa: chini 0, kushoto 8, juu 18, kulia 10. Jozi za pande mkabala zinajumlisha 18 na 18, dalili kwamba geji haikuteleza.

Tofauti ya jumla ni elfu 18 za inchi. Tremec wanaruhusu elfu 5. Tundu lilikuwa limekaa chini ya mstari wa krenki kwa nusu ya tofauti hiyo, elfu 9, yaani mm 0.23. Ni unene wa karatasi mbili tatu, lakini shafti ya kuingilia inashikwa na beringi upande mmoja na bushi ya pailoti upande mwingine. Vituo hivyo visipolingana shafti inalazimishwa kukaa upogo, klachi pleti haiachii flaiwili vizuri, na sinkronaiza, inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiliana, inajaribu kusimamisha kitu kinachoendelea kusukumwa. Mngurumo na ugumu wa gia vilitoka hapo.

Chanzo kilikuwa cha namna mbili. Injini ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa, na njia ya krenki ilipochongwa upya krenki ilipanda juu kidogo. Tena nyumba ya klachi ilitoka kwenye injini nyingine. Muncie, iliyokwisha kulegea kwa matumizi, ilivumilia. Hilo halikuwa ushahidi kwamba mambo yako sawa.

Dawa ni doweli (pini zinazoiweka nyumba ya klachi mahali pake kwenye injini) zilizochongwa upogo, zinazouzwa kwa elfu 7, 14 na 21. Hitaji lilikuwa 9, na iliyo karibu zaidi ni 7. Kila elfu moja ya doweli inaondoa elfu mbili kwenye usomaji wa geji: 18 toa 14 inabaki 4. Doweli za zamani zikang'olewa, mpya zikaingizwa na vichwa vyao vyenye mfuo vikageuzwa kwa bisibisi vyote viwili uelekeo mmoja, upogo ukielekea juu. Vikienda pande tofauti nyumba haivai kabisa. Usomaji mpya wa juu ulikuwa 4. Uso wa nyuma wa nyumba nao ukapimwa kwa kupindisha ncha ya geji: elfu 3, ndani ya kiwango. Doweli zikafungwa kwa gundi ya bolti.

Mfungo wa pili wa giaboksi ulifuata sheria moja: hakuna bolti inayoivuta. Klachi pleti ilikaa katikati kwa shafti ya kupangia, giaboksi ikaingia kwa kusukumwa kwa mikono huku yoki ya nyuma ikizungushwa kidogo kutafuta splaini, mpaka uso ukagusa uso. Ndipo bolti zikaingia.

Pembe za shafti na kile kiraka cha sakafu

Pembe zilipimwa kwa kipima pembe cha kidijitali, gari likiwa kwenye tairi zake. Giaboksi ilikuwa imeinama nyuzi 4.0 kuelekea nyuma, propela shafti 1.6, pinioni (shafti ya kuingilia ya difu) 1.0. Krosi (kiungo kinachopinda) ya mbele kwa hiyo inafanya kazi kwa pembe ya 2.4, ya nyuma kwa 0.6. Krosi moja ikipinda, shafti inaharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili inafuta kosa hilo pale tu pembe yake inapolingana na ya kwanza. Tofauti inayokubalika ni chini ya nyuzi 1, na hapa ilikuwa 1.8. Vipande vya mm 13 vilivyookoa sakafu ndivyo vilivyozaa tetemeko.

Vikaondolewa. Kiraka cha zamani kikakatwa chote, bati jipya likapindwa kufuata umbo la asili na kuchomelewa, na nafasi ya mm 12 ikapatikana juu ya giaboksi. Injini inasogea kwenye maunting zake unapokanyaga mafuta, kwa hiyo nafasi hiyo si anasa. Chuma cha asili cha gari hakikuguswa.

Mkia ulipopanda, giaboksi ikasoma 3.2 na shafti 2.2. Difu ya Chevelle hushikwa na mikono minne na springi za koili, na mikono ya juu ikabadilishwa kwa inayorekebishika, pinioni ikainuliwa hadi 3.0. Krosi ya mbele sasa 1.0, ya nyuma 0.8. Pinioni iliachwa pungufu kidogo ya giaboksi kwa makusudi, kwa sababu gari linapovuta pua ya pinioni hupanda yenyewe.

Matokeo

Tetemeko lilikwisha mpaka maili 80. Gia ya tatu inaingia kwenye mizunguko 5,800 bila mkwaruzo, na mngurumo wa fri haupo. Oili ya mwanzo ilipomwagwa ilikuwa na vumbi laini la kijivu, bila vipande. Sinkronaiza zilinusurika kwa sababu gari lilirudishwa mapema. Likapewa km 800 za mwendo wa pole kabla ya kusukumwa.

Kazi iliyopangwa kwa siku mbili ilichukua wiki tatu, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri doweli na mikono ya juu ya difu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni hesabu ya uwiano iliyofanyika kabla ya pesa kutoka, pamoja na kuvalisha kila kipuri juu ya meza. Kubakiza fito za klachi za asili pia kulikuwa uamuzi mzuri. Mfumo wa haidroliki, unaosukuma klachi kwa mafuta badala ya fito, una faida zake, lakini kama ungeongezwa hapa, dalili za klachi kutoachia zingekuwa na mtuhumiwa mmoja zaidi.

Kosa la nyumba ya klachi ndilo zito kuliko yote, na si la uvivu. Fundi alikuwa na hoja: giaboksi ya zamani haikulalamika. Hoja hiyo ni mbovu kwa sababu mbili. Giaboksi ya zamani ilikuwa imelegea kwa matumizi, na hakuna aliyeuliza injini ilichongwa nini ilipofunguliwa. Wakati sahihi wa kupima ni kabla ya flaiwili kupokea klachi, wakati geji inahitaji dakika 20. Baada ya klachi kufungwa, kila fundi atapata sababu ya kutopima. Hili halihusu Marekani tu. Anayeoanisha injini ya gari moja na giaboksi ya gari jingine kwenye Land Cruiser au Land Rover anakutana na tundu na doweli zilezile.

Vipande vya mm 13 vinafundisha jambo tofauti. Kushusha mkia kulitatua tatizo lililoonekana na kuhamishia gharama kwenye sehemu isiyoonekana. Pembe ingepimwa palepale, kazi ya dakika tano, ingejulikana kabla ya gari kutoka.

Kuvuta giaboksi kwa bolti hakuna utetezi. Masikio ya giaboksi hizi ni aluminiamu na hupasuka. Hapa ilikufa bushi tu.

Jambo la mwisho lililorekebishwa ni spidomita. Meno ya gia inayoendeshwa hupatikana kwa kuzidisha meno ya gia inayoendesha, uwiano wa difu na mizunguko ya tairi kwa maili, kisha kugawanya kwa 1,000. Tairi ya inchi 26 huzunguka mara 776 kwa maili. Kwa gia ya meno 7: 7 mara 3.73 mara 776, gawanya kwa 1,000, ni 20.26. Iliwekwa ya meno 20, nayo inasoma zaidi kwa asilimia 1.3. Mshale ukigusa 71, gari liko kwenye 70 na injini iko chini ya 2,300. Muncie ya zamani, yenye namba zake za asili, imepakwa oili na kuhifadhiwa pamoja na yoki yake na pleti ya splaini 10.